Nyota Nne Kioo cha Nyuma, Bomba Tupu Chini

 

Ukifika stendi ya Runyenjes asubuhi, kabla abiria hawajajaa, hebu tazama vioo vya nyuma vya magari yaliyoegeshwa pale: Probox, Fielder, Vitz, Note. Mengi yana kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na nyota nne. Mwenye gari hukiacha palepale mwaka baada ya mwaka, maana kinawatangazia watu kwamba gari lake lilitoka Japani na wala halikuokotwa Nairobi kwa bei ya kutupa. Ni wachache waliowahi kuuliza kinasemaje. Kinasema kwamba serikali ya Japani imelithibitisha gari hili kuwa moshi wake una sumu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango kilichowekwa huko mwaka 2005. Kwa miaka mingi nyota nne zilikuwa ndiyo daraja ya juu kabisa.

Sasa inama uchungulie chini ya gari hilohilo. Usishangae ukikuta kwamba pale palipokuwa na kopo la chuma lililotuna, kati ya injini na sailensa, pana kipande cha bomba la kawaida kilichochomelewa na fundi wa hapahapa. Nyota bado zinang'aa juu. Kifaa kilicholipatia gari nyota hizo kilikwisha kwenda zake, na pengine kimeshavuka mpaka wa nchi.

Kifaa hicho mafundi wetu hukiita katalitiki. Wengine husema masega. Nimeamua leo tukizungumzie kwa kirefu, kwa sababu katika barabara yetu hii inayotoka Embu mjini, ikapanda hadi Runyenjes, ikateremka Mto Thuci na kuelekea Chuka na Meru, magari mengi yanapumua bila kifaa hicho, na wenye magari wengi wameambiwa maneno yasiyo ya kweli kukihusu.

Tuanze ndani ya injini. Petroli kwa asili ni kaboni na hidrojeni. Kama ingeungua ikaisha kabisa, kwenye ekzosi yangetoka maji na kaboni dayoksaidi, basi. Lakini injini haina subira. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila mlipuko ndani ya silinda hupewa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika haraka hiyo hubaki gesi tatu zenye madhara.

Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huku kwetu tunaijua vizuri hata kama hatuijui kwa jina. Ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, msimu wa baridi ya Julai. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Ya pili ni petroli yenyewe iliyopita bila kuungua, na ndani yake mna benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Ya tatu haitokani na petroli. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, na kwa kawaida nitrojeni ni mpole, haimgusi mtu. Lakini ndani ya silinda joto hupita nyuzi 2,000, na hapo nitrojeni hulazimika kuungana na oksijeni. Zinazozaliwa hapo ni oksidi za nitrojeni, zinazochoma mapafu na kumpa shida mtoto mwenye pumu. Jua likizipiga zikiwa zimechanganyika na petroli ile isiyoungua, hutokea ozoni ya chini, ambayo nayo ni sumu kwa anayeivuta.

Ukizitazama kwa makini gesi hizi utaona fumbo. Mbili za kwanza zina upungufu wa oksijeni. Zikiongezewa zitaungua na kwisha. Ya tatu ina oksijeni isiyo yake; ikinyang'anywa itarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Utawezaje, katika bomba moja, kwa wakati mmoja, kuongeza oksijeni huku na kuipunguza huku?

Hiyo ndiyo kazi ya katalitiki. Ukilikata kopo lake utakuta tofali la kauri lililotobolewa matundu membamba yaliyonyooka, mara nyingi karibu 60 katika kila sentimita moja ya mraba. Kuta za matundu hayo zimepakwa utando wa alumina wenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na katika utando huo zimetawanywa chembe za metali tatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Zote kwa pamoja ni gramu chache tu. Moshi unapopita, rodiamu huipokonya oksidi ya nitrojeni oksijeni yake. Platinamu na paladiamu huitumia oksijeni kuunguza kaboni monoksaidi na petroli iliyobaki. Aliyepokonywa huwa amewalipia wengine deni. Metali zenyewe hazipungui, maana kichocheo hufanikisha kazi bila kuliwa na kazi hiyo. Ndiyo sababu katalitiki nzuri inaweza kudumu kama gari lenyewe.

Ila ina masharti mawili, na hapa ndipo wengi wanapoachwa nyuma.

Sharti la kwanza ni joto. Chini ya nyuzi 250 hivi katalitiki ni kauri tu, haifanyi lolote. Kwa hiyo moshi mbaya zaidi wa siku nzima hutoka katika dakika za kwanza baada ya kuwasha gari likiwa baridi. Asubuhi ya ukungu kule Rukuriri, kwenye kiwanda cha chai, mtu anayeliacha gari likinguruma nje ya dirisha la chumba wanamolala watoto "lipate moto" anawapelekea watoto sumu kabla ya uji. Magari ya siku hizi hayahitaji kunguruma muda mrefu. Liwashe, vuta pumzi kidogo, ondoka polepole.

Sharti la pili ni kipimo. Ili hesabu ya kupokonya na kulipa itimie, injini lazima ipewe kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ikizidi hewa, oksidi za nitrojeni hazipokonywi. Ikizidi petroli, oksijeni haitoshi kulipa deni. Anayelinda kipimo hicho ni sensa ya oksijeni, iliyochomekwa kwenye ekzosi kabla ya katalitiki. Huonja moshi kama mpishi aonjavyo mchuzi, ikatuma umeme mdogo kwa kompyuta: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, karibu 0.9 petroli ikizidi. Kompyuta hupunguza au kuongeza petroli, sensa huonja tena, na mchezo huo huendelea mara kadhaa kila sekunde safari nzima. Volvo ndio waliotangulia kuuza magari yenye sensa hiyo, kule Marekani, katika modeli za mwaka 1977, wakitumia sensa ya Bosch.

Kwa sisi wa mlimani mpango huu ni neema. Gari linashushwa melini Mombasa, usawa wa bahari, kisha linaletwa Runyenjes, karibu mita 1,500 juu, ambako hewa ni nyepesi. Gari la zamani la kabureta lililotengenezwa kwa hewa nzito ya pwani lingefika huku likinywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi hadi fundi achukue bisibisi. La sasa hujirekebisha lenyewe njiani, na dereva wala hajui.

Baada ya katalitiki huwa kuna sensa ya pili. Hii kazi yake kubwa ni upelelezi. Katalitiki ikiwa nzima, sensa ya nyuma hutulia, kwa sababu kupanda na kushuka kwa oksijeni kumemezwa mle ndani. Ikianza kupanda na kushuka sawa na ya mbele, kompyuta huelewa kwamba katalitiki imelala, na ile taa ya injini ya rangi ya chungwa huwaka kwenye dashibodi. Mashine ya fundi itasoma P0420.

Sasa basi. Tuseme mwalimu mmoja amefika gereji na taa hiyo imewaka. Gari lake halivuti mlima. Fundi anainama, anagongagonga, anainuka.

"Mwalimu, hii gari imeziba hapa chini. Tukitoa hiki kitu, utaona vile itavuta."

"Na injini haitaharibika, fundi?"

"Wacha wasiwasi, mwalimu. Hiki waliwekewa Wajapani, mambo ya sheria zao. Huku kwetu hakina kazi."

Dakika chache za grainda na welda, na mwalimu anaondoka. Gari kweli linavuta. Anamsifu fundi kwa majirani, na wiki ijayo majirani nao wako kwenye foleni.

Nataka kumtendea haki fundi huyu, maana hajasema uongo mtupu. Katalitiki iliyoziba kweli huinyonga injini. Moshi hauna pa kutokea, gari hukataa kupanda mwendo, na wakati mwingine kopo lenyewe huiva likawa jekundu usiku. Lakini kuziba kunaweza kupimwa. Sensa ya mbele hufunguliwa, kipimo cha presha kikafungwa kwenye tundu lake, injini ikakanyagwa, na jibu likaonekana. Ni mafundi wangapi wanaopima kabla ya kushika grainda? Na swali kubwa zaidi, ambalo mwalimu hakuuliza na fundi hakulitaja: imezibwa na nini?

Katalitiki haina kiungo kinachozunguka wala kusuguana ndani yake. Ni nadra sana kufa kifo chake chenyewe. Huuawa, na muuaji karibu kila mara ni injini. Ringi za pistoni zikichakaa, oili hupanda na kuungua, na majivu yake huyafunika yale matundu. Gasketi ya kichwa ikivuja, maji ya rejeta yenye dawa huingia na kuiharibu sensa pamoja na kichocheo. Lakini muuaji mkali kuliko wote ni silinda inayokosa moto. Plagi imechoka au koili imekufa, petroli inaingia silindani kisha inatoka vilevile ilivyoingia, na inapofika kwenye katalitiki iliyo moto huungulia humo. Joto huruka kupita nyuzi 1,000, chembe za metali hugandamana zikapoteza nguvu, na mwishowe kauri yenyewe huyeyuka na kufunga njia. Dereva alihisi gari likitetemeka wiki tatu nzima akasema atalipeleka mwisho wa mwezi. Bei ya plagi nne ikageuka kuwa bei ya katalitiki.

Kwa hiyo mwalimu wetu ameondoka na ugonjwa wake. Ringi ni zilezile, koili ni ileile. Kilichoondolewa ni shahidi. Na taa ya injini? Wapo wanaoifungia sensa ya nyuma kikombe chenye tundu dogo ili inuse moshi kwa mbali na kuidanganya kompyuta kwamba mambo ni shwari. Wapo wanaotoa balbu ya taa. Siku koili itakapokufa kabisa, hapatakuwa na kitu cha kumwonya.

Hadithi nyingine inayovuma ni kwamba gari lisilo na katalitiki hunywa petroli kidogo. Kama ilikuwa imeziba, ndiyo, utaona nafuu, vile ambavyo ungeona nafuu ukiweka nyingine nzima. Kama haikuwa imeziba, hakuna utakachookoa, kwa sababu kipimo cha petroli kinaamuliwa na sensa ya mbele, na hiyo haihusiki na kinachofuata nyuma yake. Tena unaweza kupata hasara. Welda ikiwa mbaya na bomba likabaki na ufa karibu na sensa ya mbele, hewa ya nje huvutwa ndani, sensa huonja hewa hiyo ikadhani petroli imepungua, na kompyuta humimina zaidi. Mtu analipa grainda, analipa welda, halafu analipa na kituo cha mafuta.

Wasikilizaji, desturi hii ya kukata ilitoka wapi? Maoni yangu ni kwamba ilizaliwa wakati ambapo ilikuwa na sababu, na sababu ilipokufa desturi haikuzikwa.

Katalitiki ya gari ilibuniwa na Eugene Houdry, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Marekani. Miaka ya 1950 aliuona ukungu wa moshi wa magari uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles, akatengeneza kifaa cha kuusafisha. Kilifanya kazi, lakini hakikuweza kutumika, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa risasi. Ninasema risasi ile metali, iliyoongezwa tangu miaka ya 1920 ili injini isigonge. Risasi huzifunika zile chembe za metali na kuziua. Houdry alifariki mwaka 1962 kabla hajaona kifaa chake barabarani. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji, na kuanzia modeli za mwaka 1975 magari ya Marekani yakaanza kuuzwa na katalitiki, pamoja na petroli isiyo na risasi.

Sisi tulibaki na risasi. Magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika nchini miaka ya 1990, yalikuja na katalitiki zake, yakapakiwa petroli yenye risasi, na kifaa kikafa. Fundi wa wakati ule aliyekiondoa alikuwa anaondoa maiti. Lakini Juni 2001 nchi za Kiafrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana na risasi, na kufikia Januari 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondolewa Kenya na kote kusini mwa Sahara. Kampeni yenyewe iliongozwa kutoka hapa kwetu, ofisi za mazingira za Umoja wa Mataifa, Gigiri. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tumekaa karibu miaka 20 na petroli ambayo katalitiki inaipenda, na bado kuna kijana aliyezaliwa baada ya risasi kuondoka anayefundishwa gereji kwamba "hiki kitu hakina kazi Afrika."

Halafu kuna pesa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaoambiwa kwamba kutolewa ni bure, "lipa bomba tu." Mwaka 2021 rodiamu ilifika karibu dola 29,000 kwa aunsi moja, na aunsi ni gramu 31 tu. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, paladiamu ilipita dola 3,000 kwa aunsi, wakati dhahabu ilikuwa karibu 2,000. Bei zilishuka baadaye, lakini metali hizo hazijawahi kuwa takataka. Wanunuzi wa masega wanawajua mafundi, na mafundi wanawajua wanunuzi. Kopo linapotolewa chini ya gari lako ni mali yako, kama vile betri yako kuukuu ni mali yako. Ukiambiwa halina kazi, uliza kwa nini basi haliachwi pale chini kwenye vumbi pamoja na vichungi vya oili.

Na wapo wasiotoa kopo. Hulifungua upande mmoja, wakalivunjavunja tofali la ndani kwa patasi na nyundo, wakakusanya vipande kwenye mfuko, wakachomelea ganda tupu. Ukichungulia chini unaona kila kitu kiko mahali pake. Anayekagua kwa macho haoni tofauti. Kijana aliyefanya kazi hiyo bila kufunika pua amevuta vumbi la kauri na nyuzinyuzi za blanketi linalolizunguka tofali hilo, vitu ambavyo mapafu hupata shida kuvitoa. Tuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme. Mfuko wa masega haupigi kelele kama nguzo inayoanguka, na kwa hiyo haukushughulisha mtu sana.

Kuna tabia zetu mbili za barabarani ambazo huua katalitiki iliyo nzima, na zote nazishuhudia katika miteremko hii. Ya kwanza ni kusukuma gari ili liwake. Betri imelala, vijana wanne wanasukuma, klachi inaachiwa, gari linakohoa mara kadhaa kabla halijashika. Kila kikohozi ni petroli mbichi inayokwenda kukusanyika kwenye katalitiki. Vitabu vya magari mengi hukataza jambo hili waziwazi, ila kitabu kiko kwa Kijapani na kimelala ndani ya droo. Tafuta waya wa kuazima moto kwenye betri ya mwenzako.

Ya pili ni kuweka gia huru mtu anapoteremka, na wengine huzima kabisa swichi, eti kuokoa mafuta. Ukizima swichi injini ikiwa bado inazungushwa na magurudumu, kisha ukawasha tena, umeihatarisha katalitiki kwa njia ileile ya petroli mbichi. Na ukiweka huru bila kuzima, injini inalazimika kunyweshwa petroli ili isizime. Kumbe ukiliacha gari kwenye gia na kuinua mguu, kompyuta ya gari la sindano, yaani lisilo na kabureta, hukata petroli kabisa, kwa sababu mteremko ndio unaoizungusha injini. Yaani anayeteremka Thuci kwenye gia anatumia petroli kidogo kuliko anayeteremka huru, na juu ya hayo injini inamsaidia kushika breki. Katika barabara yenye daraja la Nithi huko mbele, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafariki, sihitaji kuongeza neno kuhusu breki.

Nitaje kwa haraka na kifuniko cha tangi. Mfumo wa kudhibiti sumu hauko kwenye ekzosi peke yake. Mvuke wa petroli kutoka tangini hukusanywa kwenye kopo la mkaa maalumu, kisha hupelekwa injini ukaungue. Gari lililofungwa tangi kwa kitambaa limeuvunja mpango huo wote, usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Zamani ilikuwa ni karatasi ya plastiki. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 tumehamia kwenye vitambaa.

Kuhusu dizeli, zile pikapu za miraa zinazotupita kwa kasi zikielekea Nairobi, habari yake ni ndefu na nitaiacha kwa siku nyingine. Itoshe kusema kwamba tatizo lake kubwa ni masizi, kwamba Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa saratani liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, na kwamba Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yalisafishwa kabla ya magari.

Sheria zipo. Kiwango cha Shirika la Viwango, KS 1515, ndicho kinachozuia gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, na gari hukaguliwa kabla halijapakiwa melini. NEMA, mamlaka ya mazingira, walipata kanuni za moshi mwaka 2006 na za ubora wa hewa mwaka 2014. Lakini gari la mtu binafsi likishapata namba za Kenya, linaweza kuzeeka mikononi mwa mwenyewe bila mtu yeyote kuuweka moshi wake kwenye mashine. Matatu na malori hupelekwa ukaguzi kila mwaka, na huko nako macho ya watu yako kwenye breki, taa na mikanda. Siwalaumu, breki huua leo na moshi huua polepole. Hata hivyo kipimo cha moshi ni mrija mmoja unaochomekwa kwenye ekzosi kwa dakika chache. Kaunti ya Embu ingeweza kuanza na magari yake yenyewe, kabla ya kumgusa mwananchi, na nadhani mengine yangetuaibisha.

Ndugu msikilizaji, wewe mwenye gari, nina ombi kwako. Taa ya injini ikiwaka, mwambie fundi asome msimbo kwanza na akuonyeshe. Kagua plagi, koili na kiwango cha oili kabla mtu hajawasha grainda. Ukishauriwa kutoa katalitiki, dai ipimwe presha mbele yako. Ikithibitika imekufa, uliza bei ya nyingine, hata iliyotumika yenye ushahidi wa kufanya kazi, na tibu kwanza kilichoiua, la sivyo hiyo nyingine nayo utaizika. Na ukiamua kuitoa kwa sababu mfuko umekataa, ondoka gereji na kopo lako mkononi. Usimwachie mtu.